Golden Globe na Sauti Iliyopotea

Tarehe 28 Februari 2021, Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London na mtoto wa wazazi wa Uganda, alikuwa mshindi wa kwanza usiku wa tuzo za filamu na televisheni za Golden Globe. Alionekana akinena, sauti haisikiki. Hitilafu ya mitambo, na baadaye ikarudi. Lakini wiki moja kabla, gazeti la Los Angeles Times lilikuwa limefichua kwamba miongoni mwa wapiga kura 87 hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja.

Mwaka 2022 NBC ilikataa kuitangaza hafla hiyo. Yumkini pengo hilo la fedha liliwaamsha waandaaji kuliko aibu. Chama chao kilivunjwa mwaka 2023. Tuzo zikauzwa kwa wafanyabiashara.