Soya, Urea na Fosforasi Iliyofungwa: Mhadhara wa Umma Uliotolewa Mudende



Nimeshika mche wa soya ulioanza kutoa maua. Umetoka huko chini karibu na Ziwa Kivu. Tuliuchimba kwa jembe, hatukuung'oa, maana ukiung'oa unaacha ardhini kile kile ninachotaka mkione. Tazameni vinundu hivi kwenye mizizi. Nakipasua kimoja kwa ukucha: ndani ni chekundu kama nyama. Maana yake bakteria waliomo wako kazini, wanachukua naitrojeni ya hewani na kuupa mmea, nao mmea unawalisha sukari. Kingekuwa cheupe au cha kijani, tungejua kazi haijaanza au imekwisha.

Sasa tufanye hesabu. Karibu asilimia 40 ya punje ya soya ni protini, kwa hiyo tani 1 ya mavuno huondoka shambani na zaidi ya kilo 60 za naitrojeni. Mkulima akiambiwa hivyo, haraka yake ni dukani kununua urea, mbolea ya naitrojeni. Hapo ndipo anapopotea. Soya ikikuta naitrojeni nyingi udongoni, haihangaiki kuwalisha bakteria. Vinundu huwa vichache tena vidogo, majani yanasitawi na kuwa ya kijani kizito, mashina marefu yanalala, na maganda hayaendani na uzuri wa majani. Mtu amelipia kwa fedha yake kitu ambacho hewa ingempa bure.

Sikatazi naitrojeni ya kuanzia pale udongo ulipochoka, kwa sababu vinundu huchukua wiki kadhaa kabla ya kuulisha mmea. Lakini iwe kidogo. Mbolea ya DAP kilo 100 kwa hekta ina kilo 18 za naitrojeni, nazo zinatosha.

Fosforasi ndiyo inayonikosesha usingizi. Kuvunja molekuli moja tu ya naitrojeni ya hewani, bakteria hutumia angalau molekuli 16 za ATP, ile akiba ya nguvu ya seli, na hakuna ATP isiyo na fosforasi ndani yake. Fosforasi ikipungua, vinundu vinakosa nguvu. Ndiyo maana soya iliyopandwa kwa TSP, mbolea ya fosforasi, mara nyingi hukusanya naitrojeni nyingi zaidi hata kama haikuona urea. Kwa soya, mbolea ya fosforasi ni njia ya kuongeza naitrojeni pia.

Na udongo wetu wa Mudende, mweusi, mwepesi, uliozaliwa na majivu ya volkano, unaosifiwa kwa viazi? Una tabia ya kuishika fosforasi. Alumini na chuma vilivyomo huikamata, na mzizi hauipati ingawa imo. Ukitawanya TSP shamba zima na kuichanganya na udongo, sehemu kubwa inafungwa kabla mmea haujaonja. Iwekeni mstarini, kando na chini kidogo ya mbegu, kilo 1 kwa eneo la mita 10 kwa 10, pamoja na samadi iliyooza vizuri. Samadi hupunguza kufungwa huko, na ng'ombe tunao.

Niseme wazi: soya yenyewe haipendi baridi ya hapa, juu ya mita 2,000. Mahali pake ni ukanda wa Kivu, mita 1,460, na huko mashariki, Bugesera na Kayonza. Lakini maharage yetu yanayopanda miti nayo yana vinundu na njaa ile ile ya fosforasi. Msichukue tu chanjo ya soya, yaani bakteria wa vinundu vyake, mkaipaka mbegu za maharage, kwani bakteria wa maharage ni wengine. Mradi wa N2Africa, ulioanza 2009 na kufanya kazi Rwanda pia, ulihimiza chanjo sahihi iende pamoja na fosforasi, na mimi nakubaliana nao kabisa.

Basi ombi langu ni moja. Msimu huu, kabla hamjanunua mfuko wa urea kwa ajili ya soya au maharage, chimbeni mche mmoja wakati wa maua, mpasue kinundu, mtazame rangi yake.