Milio ya Motokaa na Maana Yake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Ilomba)



Tumetakiwa jioni hii tuseme machache juu ya milio ya motokaa. Sisi si mafundi. Tu makarani kama ninyi, na ujuzi wetu tumeupata kwa hasara. Lakini wengi wetu hapa Ilomba tuna motokaa, nyingi zikiwa kuukuu zilizokwisha kutumika ng'ambo, nasi huziendesha katika barabara kuu iendayo Zambia pamoja na malori mazito, na katika miteremko kama ya Iwambi na Kitonga. Kwa hiyo yatupasa kujua motokaa inapolia inasema nini.

Kwanza tujiulize: mlio wafuata injini, au wafuata magurudumu? Simamisha motokaa mahali tambarare, vuta breki ya mkono, gia iwe huru, kisha kanyaga mafuta polepole. Mlio ukipanda pamoja na injini, shina lake li katika injini au katika vitu vinavyozungushwa nayo. Ukinyamaza hapo, ukarudi motokaa iendapo, tafuta kwenye magurudumu, breki au ekseli.

Mlio mwembamba wa asubuhi, injini iwashwapo katika baridi na umande wa Mbeya, mara nyingi ni wa mkanda wa feni ulioregea au uliochakaa. Huenda ukazidi ukizungusha usukani hadi mwisho, au ukiwasha taa, kwa kuwa mkanda umeongezewa kazi. Usiudharau, maana mkanda huo hujaza betri, na katika motokaa nyingine huzungusha pampu ya maji ya kupozea injini. Wala usiuguse injini ikizunguka.

Mngurumo uongezekao kwa kadiri ya mwendo, ukabadilika ukipinda kushoto au kulia, ni dalili ya bering ya gurudumu. Mlio wa tak-tak-tak katika kona kali waonyesha kiungo cha ekseli ya mbele. Mara nyingi mpira wake umepasuka, grisi ikatoka na mchanga ukaingia. Ikigonga kila ipitapo shimoni, tazama bushi, bolijointi na shokapu. Bali mgoto mzito ndani ya injini haungojwi hata siku moja: zima injini mara, upime oili.

Breki tumeziacha ziwe za mwisho, kwa kuwa ndizo zilizotufundisha. Zikilia kidogo asubuhi baada ya mvua, kisha zikanyamaza, ni kutu nyepesi tu juu ya diski. Zikilia kila siku, huenda pedi zinakwisha. Pedi nyingi zimetiwa kijibati ambacho, pedi ikipungua, hugusa diski na kupiga kelele makusudi ili mwenyewe asikie.

Motokaa yetu ililia hivyo majuma matatu. Mama watoto alituambia mara mbili. Tukamjibu ya kuwa yeye si fundi, na tungoje mwisho wa mwezi, tukaongeza sauti ya redio. Jumamosi moja tulikuwa tukiteremka Iwambi kwenda Mbalizi, watoto watatu wakiwa nyuma. Mlio mwembamba ukakoma, ukaja mkwaruzo wa chuma juu ya chuma, na pedali ikatetemeka mguuni. Mbele yetu lori lilikuwa limepunguza mwendo. Tukatia gia ndogo, tukavuta breki ya mkono kidogo kidogo, tukasimama kando ya barabara, hatua chache nyuma ya lori lile. Hakuna aliyesema neno.

Fundi alipofungua gurudumu, pedi ilikuwa bati tupu, na diski imechimbika mifereji. Tuliahirisha bei ya pedi, tukalipa pedi na diski mbili. Hata hivyo fedha ni jambo dogo. Tulikuwa tumewaweka watoto wetu katika hatari ambayo mama yao alikwisha kututajia.

Basi twawasihi, mlio mpya ukisikika, zimeni redio. Andikeni katika daftari: ulisikika lini, upande gani, injini ikiwa baridi au moto, katika kona au katika breki. Mpeni fundi maneno hayo, mpande naye motokaa ausikie mwenyewe, na mtake kuonyeshwa kilichotolewa. Katika miteremko, tumieni gia ndogo, wala msiiache gia huru ati kuokoa mafuta. Mkisikia harufu ya kuungua na pedali imekuwa laini, simameni mahali salama mpaka breki zipoe.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tumekwisha kuujenga. Ninyi zibeni ufa.