Biva na Likeni: Funzo Kwetu Sisi Vijana
(Mawaidha baada ya sala ya Alasiri)



Ndugu zangu katika imani, leo nawapeleka Kanada, tutazame viumbe wawili wa Mola wetu.

Wa kwanza ni biva, mnyama wa jamii ya panya aishiye majini na nchi kavu. Meno yake ya mbele hayaachi kukua. Kwa meno hayo huangusha miti, akauziba mto kwa magogo, mawe na matope mpaka pakawa ziwa. Katika mbuga ya Wood Buffalo upo ukuta wa biva wenye urefu wa zaidi ya mita 700, ulioonekana kwa picha za setilaiti mwaka 2007. Lakini angalieni: biva akisikia maji yanachuruzika, hutoka kwenda kuziba. Akiuhama ukuta ule, baadaye hubomoka.

Wa pili ni likeni, yale mabaka ya kijani au manjano yaliyoganda juu ya jiwe. Hata Mlima Kenya yako. Likeni ni kuvu na mwani walioshikana: kuvu hulishika jiwe na kutunza unyevu, mwani hupika chakula kwa mwanga wa jua. Iko aina ambayo haikui hata milimita moja kwa mwaka, lakini huishi mamia ya miaka.

Sasa sisi tuko wapi? Ramadhani iliyopita darsa letu lilijaa mpaka barazani. Tulichanga, tulipika futari, tulikesha. Mfunguo Mosi ulipoingia tukabaki watu sita. Kijana mmoja aliyekuwa ameacha bangi akarudi maskani, na wallahi hakuna kati yetu aliyekwenda kumbishia hodi. Maji yalichuruzika, tukayasikia, tukalala.

Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, japo iwe chache. Basi tuchukue kwa wote wawili: sikio la biva na subira ya likeni. Baada ya Idd, ukurasa mmoja wa Qur'ani kila siku, na kila mtu amshike mwenzake mmoja.

Mimi nimeanza na yule kijana. Jana tumefuturu pamoja. Muombeeni dua, na mimi pia.

Wabillahi tawfiq.