Rejista ya Jirani



Mmeniuliza kazi yangu hasa ni nini. Naunganisha kompyuta ndogo inayoongoza pampu za maji na moduli ya mawasiliano inayoiletea habari za tangi lililo mlimani. Lugha yao ni Modbus, iliyotolewa na kampuni ya Modicon ya Marekani mwaka 1979. Kila kipimo hukaa katika rejista ya biti 16, yenye namba yake kama sanduku la posta.

Balaa ni hili: vitabu vingi vya maelezo huiandika rejista ya kwanza 40001, lakini kwenye waya huitwa sifuri. Katika mradi mmoja nilisahau kutoa hiyo moja. Kompyuta ikasoma rejista ya jirani, yenye namba isiyobadilika. Tangi likafurika usiku kucha, pampu isizimwe. Akalaumiwa mlinzi, akaachishwa kazi. Mimi nililaumu panya waliotafuna waya!

Siku ya tatu niliona kosa langu, nikamwandikia mkuu wa mradi barua. Mlinzi akarudishwa. Siku hizi sitii sahihi mpaka mtu apande tangini na kijiti, anitajie kina kwa simu, nami nikione kile kile kwenye kompyuta.