Jicho Kabla ya Damu



Katika mkutano mmoja wa madaktari wa mifugo, mwenzetu ninayemheshimu alisema kwamba katika FIP, ugonjwa wa korona unaoua paka, kuchungulia macho ni kupoteza muda. Pima damu, alisema; ukikuta kingamwili nyingi, kazi imekwisha. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga, na leo naeleza kwa nini.

Ugonjwa wenyewe mnaujua. Virusi vya korona hukaa utumboni mwa paka bila madhara makubwa. Katika paka wachache hugeuka, vikaanza kuzaliana ndani ya seli za kinga na kusafiri nazo mwilini. Daktari wa mifugo Jean Holzworth aliueleza ugonjwa huu huko Boston mwaka 1963. Kuna sura ya maji, inayojaza tumbo, na sura kavu, ambayo ndiyo hasa hupenda macho na ubongo.

Sasa hizo kingamwili zinathibitisha nini? Kwamba paka amewahi kukutana na virusi vya korona, basi. Hazisemi kama virusi ni vile vya utumboni au vile vilivyogeuka. Paka wanaoishi kundi moja na kuchangia sanduku la mchanga, wengi wao wanazo, na wengi hao hawataugua FIP maisha yao yote. Kwa upande mwingine, paka mahututi anaweza kupimwa zisionekane, kwa sababu zimekwisha kunaswa na virusi vyenyewe. Nimeshuhudia paka mzima akichomwa sindano ya kumaliza uhai kwa sababu ya karatasi ya maabara. Hilo siwezi kulinyamazia.

Na jicho je? Nilipokuwa daktari mpya, shangazi yangu aliniletea paka wake wa miezi minane. Jicho la kushoto lilikuwa limeacha ukijani na kuwa la kahawia. "Mwanangu," alisema, "jicho hili si lake." Nikasema ni vumbi, nikampa dawa ya matone. Wiki chache baadaye paka akawa anayumba miguu ya nyuma, kisha akafa. Sikuzima taa wala kumulika. Ningemulika kutoka ubavuni, huenda ningeona mwanga ukipita kama kwenye moshi, kwa kuwa katika FIP mishipa iliyovimba huvujisha protini ndani ya jicho. Madoa yenye rangi ya mafuta yaliyoganda nyuma ya konea. Pengine damu iliyotuama chini. Na kule nyuma, kwenye retina, mishipa iliyovikwa ukungu mweupe.

Chapisho ninalolirudia kila mwaka ni la Niels Pedersen na wenzake wa Davis, California, la 2019. Waliwatibu kwa dawa ya GS-441524 paka 31 waliopata FIP katika maisha ya kawaida, si maabara. Watano walikufa au kuuliwa kwa huruma mapema. 26 walimaliza wiki 12 za sindano. Kati yao, 18 hawakuhitaji tiba nyingine, wanane ugonjwa ukarudi. Somo liko kwa hao wanane: waliopandishwa kutoka miligramu 2 hadi 4 kwa kilo walipona. Hatimaye walionusurika walikuwa 25, katika ugonjwa tuliofundishwa kwamba hauna dawa. Lakini someni pia waliowaacha nje: paka wenye FIP kali ya macho na ya ubongo. Dawa hupenya huko kwa shida, na leo paka wa namna hiyo hupewa dozi kubwa zaidi. Kwa hiyo jicho ndilo linalokuambia upime dozi gani. Kingamwili haziwezi.

Nakubali kwamba jicho nalo si hakimu. Toksoplazma, fangasi, virusi vya lukemia ya paka na saratani vinaweza kulichafua vivyo hivyo. Vipimo vya protini za damu na vya PCR ya majimaji ya mwili tunavihitaji. Hata hivyo katika kliniki yangu mwanafunzi haingii bila tochi. Kwanza anamuuliza mwenye paka kama rangi ya macho ni ileile ya siku zote. Kisha anazima taa, anamulika moja baada ya jingine, na anaandika alichokiona kabla hajagusa sindano ya kutoa damu.