Mlo wa Mbwa Mdogo Mwenye Ugonjwa wa Ini

(Maelezo ya Ofisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata)



Nimepewa dakika chache nizungumzie jambo ambalo kwa baadhi yenu litaonekana dogo: chakula cha mbwa mdogo anayeugua ini. Mimi si daktari wa mifugo, ila ni wajibu wa ofisi yangu kuwafikishia wananchi maelezo ya wataalamu kwa lugha inayoeleweka. Na jambo hili si dogo, kwa sababu mbwa wa namna hii anaweza kuuawa mtaani kwa kudhaniwa ana kichaa.

Protini inapomeng'enywa tumboni hutoa amonia, ambayo ni sumu. Ini zima huigeuza, nayo hutoka kwa mkojo. Ini likichoka, au mbwa akizaliwa na mshipa unaopitisha damu kando ya ini, amonia hupanda hadi kwenye ubongo. Kasoro hiyo ya mshipa huonekana zaidi kwa mbwa wa jamii ndogo, kama Maltese na Yorkshire Terrier. Saa chache baada ya kula, mbwa hupepesuka, huzungukazunguka, hutokwa mate, hukandamiza kichwa ukutani. Jirani akimwona hivyo hatauliza habari za ini.

Wala hakosei kuogopa. Mwenye mbwa asijipe cheo cha udaktari: kila dalili ya aina hiyo ichukuliwe kuwa ni kichaa mpaka mtaalamu aseme vinginevyo. Mfungie mbwa peke yake, usimtie mkono mdomoni, mwite Ofisa Mifugo. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba ni ini tu.

Mtaalamu akishathibitisha kwamba ni ini, ndipo jiko linapohusika. Makosa ya walishaji ni mawili, na yanapingana. Wapo wanaomshindilia mgonjwa nyama na maini, kwa imani kwamba maini huongeza damu. Maini ya ng'ombe yana madini mengi ya shaba, na ini bovu hushindwa kuyatoa mwilini. Shaba ikirundikana huzidi kuliharibu. Wapo pia waliosikia kwamba protini ni sumu, wakamwachia mbwa uji mtupu. Kwa maoni yangu hawa wa pili ndio wanaoumiza zaidi, maana wanadhani wanatibu. Mbwa akikosa protini, mwili huanza kula misuli yake wenyewe, na misuli hiyo ndiyo inayosaidia kuondoa amonia pale ini linaposhindwa.

Protini hupunguzwa kwa agizo la daktari, hasa mbwa anapoonyesha dalili za ubongo, na hata hapo isishuke chini ya takriban gramu 2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mbwa wa kilo 4 anahitaji walau gramu 8. Yai moja lina gramu 6 hivi. Maziwa mgando kidogo yanaziba pengo. Protini ya yai na maziwa huvumiliwa vizuri kuliko ya nyama nyekundu. Changanya na wali laini usio na chumvi, pamoja na boga lililochemshwa. Chakula hiki hakijakamilika kwa madini na vitamini, kwa hiyo daktari ndiye atakayesema cha kuongeza.

Mpe kidogo kidogo, mara 4 hadi 6 kwa siku, na mlo wa mwisho uwe kabla ya kulala. Ini gonjwa halihifadhi sukari ya kutosha, na mbwa mdogo akilala na njaa anaweza kuamka akitetemeka au asiamke kabisa. Tumbo likivimba kwa maji, chumvi iwe mwiko: mchuzi wa mezani na dagaa wa chumvi visimfikie. Asipewe parasetamoli wala dawa nyingine ya binadamu bila agizo.

Niseme pia juu ya unga, kwa sababu huko ndiko ini la mbwa mzima linakoharibiwa. Mahindi yaliyoota ukungu, tuliyoyakataa mezani, ndiyo tunayompikia mbwa. Sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2005 huko Marekani mbwa wengi walikufa kwa chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 hapa kwetu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Pumba zenye ukungu zifukiwe, wala asipewe kuku.

Mlo hauponyi mshipa uliokosewa tangu kuzaliwa, wala haurudishi ini lililokwisha kuwa kovu. Unampa mnyama nafuu, na wapo wanaoishi nayo kwa muda mrefu.

Mwenye mbwa wa aina hii amwone Ofisa Mifugo wa Kata akiwa na kadi ya chanjo ya kichaa pamoja na karatasi iliyoandikwa alichokula mbwa kwa siku 3 zilizopita, saa aliyokula, na saa dalili zilipoanza. Karatasi hiyo ndiyo mtaalamu atakayoanza kuisoma.