Doa Halina Hati ya Shamba

Mmeniomba niseme juu ya ndimi za viongozi wetu. Nitashika neno moja tu, "madoadoa". Lilisikika Bonde la Ufa katika mapigano ya miaka ya 1991 na 1992, na likarudi wakati wa uchaguzi wa 2007. Januari 2022 mwanasiasa mmoja alilitamka tena mkutanoni Eldoret, akakamatwa. Aprili mwaka huo Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ikalitia katika orodha ya maneno ya chuki, pamoja na "kwekwe" na "mende".

Yafaa tuulize neno hili lafanya kazi gani. Doa halina shamba wala hati, halina mtoto aliye shuleni. Asemaye "tuondoe madoadoa" amekwisha kutuambia, pasipo kutamka, kwamba nchi ni nguo, kwamba nguo hiyo ina mwenyewe, na kwamba kazi iliyobaki ni ya usafi. Nani basi ahojiwe kwa kufua nguo yake?

Kumbe ugomvi wenyewe ni wa ardhi. Wakoloni waliitwaa, wakawapa walowezi. Baada ya uhuru wa 1963 sehemu kubwa ilinunuliwa na watu waliotoka mikoa mingine, na nyingine ikaangukia mikononi mwa wakubwa. Aliyenyang'anywa babu yake ana dai la haki. Aliyelipa fedha yake naye analo. Madai hayo mawili ni mazito, lakini yaweza kusikilizwa. Doa haliitwi barazani kujieleza. Na wale wakubwa hawatajwi kabisa.

Neno "wageni" nalo ni hivyo hivyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wamelishika jembe miaka thelathini na zaidi, na kila uchaguzi ukikaribia hurudishwa siku ya kwanza.

Kisha twasema "mapigano yalizuka", kana kwamba ni moto wa nyika. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, iliwataja wanasiasa kwa majina. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi wa 2007, miongoni mwao wale walioteketea ndani ya kanisa la Kiambaa tarehe 1 Januari 2008.

Vikundi vikikaa alasiri, naomba kila kimoja kiandike majina ya mashamba yanayogombaniwa kwao, na nani aliyagawa.